Sala ya kufunga kikao iliyonitoa jasho Satellite

Wakuu, salaam kwenu. Leo sina siasa wala mpira. Nina kisa kimenikaa kooni, na nitakimwaga kilivyokuwa bila chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mkalimani. Asili yetu ni Pwani, ila nimekulia hapa town, mzee wangu ana duka la vitambaa. Kampuni za evaluation zikipewa kazi ya kukagua miradi ya wafadhili, huniita nikae kando ya mzungu nimnong'onezee kila linalosemwa. Kazi tamu, ukiwa huna moyo.

Huu ulikuwa mradi wa ushonaji mtaani Satellite, kwenye ukumbi wa kanisa. Wafadhili wa ng'ambo walikuwa partners na shirika moja la hapa. Akina mama wafundishwe kushona, halafu kikundi kipewe cherehani zake kijitegemee.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, nitamwita Helga. Ripoti yake ndiyo ingeamua kama mradi unaendelea au unafungwa.

Kabla hatujaingia, afisa wa mradi kutoka lile shirika la hapa, Dennis, akanivuta kando. Kijana mtanashati, tabasamu halimtoki.

"Brathe, tafsiri vizuri. Ripoti ikiwa mbaya, donor anabeba pesa anapeleka Kampala. Hawa wamama wataachwa hivyo tu. Utakuwa umewasaidia?"

Nilikasirika. Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na ukweli ndani. Nimeona miradi ikifungwa, na wanaoumia huwa si wale walioila.

Ndani cherehani zimepangwa, zinang'aa. Akina mama, wengi watu wa Bungoma, wamevaa sare. Tukaanza na maombi, kama kawaida ya vikao vya huku. Mmoja wao akaomba kwa Kibukusu, lugha ya kwao. Helga akanigeukia, nikatikisa kichwa. Kibukusu sijui hata salamu.

Maswali yakaanza. Mlifundishwa? Tulifundishwa. Cherehani ni zenu? Ni zetu. Kila jibu, macho yanaenda kwa Dennis kwanza.

Mwenyekiti wao, Mama Nekesa, mwanamke mwenye sauti ya kwaya, hakusema neno. Alikuwa anapangusa cherehani ya mbele kwa leso yake, taratibu, vile mtu hupangusa kitu cha kuazima.

Helga akafunga laptop. Nikajua imeisha hiyo. Dennis akasema, "Mama Chair, tufungie na maombi."

Mimi ni Muislamu, lakini dua ni dua, nikainama na wenzangu. Helga akasogeza sikio, alishazoea.

Mama Nekesa akaanza, kwa Kiswahili.

"Baba, asante kwa wageni. Wewe unaona roho ya mtu. Utusamehe kwa yale tumesema hapa tukiogopa. Hizi mashine zimetoka madukani River Road leo asubuhi, uzirudishe salama, mwenyewe asipate imevunjika. Na zile zetu zenye tunaambiwa ziko njiani, Baba, popote ziko, zitafute. Ukizipata, tuletee."

Nilikuwa nimetafsiri shukrani tu. Pale kwenye "utusamehe" ulimi ukakwama.

Nikainua macho. Ukumbi mzima umefumba macho, isipokuwa Dennis. Ananitazama mimi, tabasamu limekwenda. Akatikisa kichwa, kidogo tu.

Wakuu, mimi nimelelewa kwamba mtu akiongea na Mola wake huingii katikati. Nikitafsiri, nimechukua siri ya mama wa watu nimempa mgeni, na pengine mradi unafungwa wakose vyote. Nikinyamaza, mwizi anaitikia amina na sisi.

Niliogopa, nawaambia ukweli.

"And then?" Helga akanong'ona.

Nikatafsiri. Yote, mpaka kwenye "tuletee".

Amina.

Helga akafungua tena laptop. Alimwomba tu Dennis wabaki wawili waongee. Akina mama wakatoka, hakuna aliyenipa mkono. Mama Nekesa alinipita kama hanioni, na hilo liliniuma sana.

Mradi ukasimamishwa. Dennis kwa simu hapatikani. Ukumbi ukatiwa kufuli. Nikawa kila nikiwa na shughuli upande wa Satellite nazunguka kwa mbali, najiona msaliti.

Sasa majuzi niko River Road kuchukua T-shirts za kazi nyingine, nikasikia sauti ya kwaya nyuma yangu.

"Wewe wa kunong'ona!"

Alikuwa amekuja kununua mafuta ya cherehani. Hata salamu sikuimaliza.

"Mama, nisamehe. Yale yalikuwa maombi yako, sikufaa kuyagusa."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Mashine zilikuja. Wale wafadhili walituletea wenyewe. Si zote, lakini tunashona."

Halafu akacheka, mpaka wapita njia wakageuka.

"Na wewe kijana, sisi tangu tuanze hiyo group tunaombanga na Kibukusu. Si ulisikia ile ya kufungua? Unafikiri ni Mungu alikuwa anataka Kiswahili?"

Kumbe Kiswahili kile kilikuwa cha sikio langu. Nikahamishia T-shirts mkono wa kushoto, nikampa wa kulia.

Siku hizi, kabla ya kikao, namwomba mkaguzi amtoe mwenye mradi nje. Majibu yanayotolewa mbele ya bosi ni ya bosi. Na wakifika kwenye sala ya kufunga, sifungi daftari.

Nyinyi mliowahi kukaguliwa, ukweli wenu mliupitishia wapi? Na wajuzi wa dini humu: angekuwa ameomba kwa Mungu peke yake, ningekuwa na haki ya kutafsiri?