Kibao cha Njia Iliyofutwa

Sina faida yoyote kwa kukudanganya. Mimi ni mtu wa brashi na tina za rangi, si mtu wa hadithi, na shule niliiacha kidato cha pili. Nitakueleza kilichonikuta Kariakoo, jua likiwa halijazama sawasawa, watu wamejaa barabarani. Ukitaka kuamini, amini. Mdogo wangu Zawadi yupo, mzima, na yeye ukimuuliza atakwambia hivihivi.

Zawadi ndiye wa mwisho kwetu. Baba alifariki yeye akiwa tumboni. Mama alikuwa anakaanga samaki Magomeni. Kila alfajiri alibeba ndoo yake, akasimama kituoni, akapanda basi la Kivukoni kwenda kununua samaki soko la Feri. Mama hakujua kusoma. Basi lake alilijua kwa mstari wa bluu ubavuni na kwa herufi ya kwanza kwenye kibao cha mbele: K yenye mkia mrefu, uliopinda kwa chini kama ndoano. "Likija lenye ndoano ndilo langu," alikuwa akisema.

Halafu yakaja mabasi ya mwendokasi, na njia za zamani zilizopita barabara ya pale kituoni zikafutwa. Tangazo lilibandikwa, lakini tangazo ni la anayejua kusoma. Mama akasimama na ndoo yake kusubiri lenye ndoano. Akasubiri mpaka jua likatoka. Wakatuambia alianguka na kufariki palepale kituoni, presha, na ndoo imebaki mkononi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, Zawadi sita. Nikaacha shule ili yeye asome. Mzee mmoja aliyekuwa anaandika vibao vya daladala Kariakoo akanichukua nimsaidie kuosha brashi. Aliponifundisha herufi ndipo nikagundua: ile K ya ndoano ilikuwa mkono wake. Kibao cha basi la mama aliandika yeye. Alipofariki aliniachia meza, brashi na ile K.

Kazi yenyewe siku hizi imepungua, wengi wanabandika stika. Lakini meza yangu iko ileile, ubavuni mwa duka la spea la Mangi, na mbele yake kuna benchi la kahawa. Wanaokaa pale maneno yao ni mabasi tu. Mwingine anaikumbuka chai maharage, ile daladala ya zamani, mnakaa mnatazamana mpaka unajua jirani yako kala nini. Mwingine analalamikia foleni ya mwendokasi, basi likifika limeshajaa, linakupita kama halikujui. Bingwa wao ni Mzee Kombo, dereva mstaafu, aliyewahi kuendesha lile basi refu lililoungwa katikati kwa turubai, likikata kona utadhani jongoo.

Sasa sikiliza.

Mwaka huu Zawadi alipoingia kidato cha tatu, akaanza kuchelewa shule. Njia yake inapita pale kilipokuwa kituo cha mama. Kituo kimeng'olewa, limebaki jukwaa la zege tu. Mwalimu akaniandikia barua: akichelewa tena, arudishwe nyumbani, asije bila kikao na mlezi. Nikamweka chini.

"Zawadi, unachelewa wapi? Kuna mvulana?"

"Hapana, dada. Nasimama na mama."

"Mama yupi?"

"Mama. Ana ndoo. Ananiuliza kama lenye ndoano limeshapita. Namwambia asubiri kidogo, linakuja."

Niamini, nywele zilinisimama. Habari ya ndoano sikuwahi kumsimulia. Nikampeleka hospitali, wakasema ni uchovu. Nikampeleka kuombewa, akapata nafuu siku mbili. Nikaanza kumsindikiza mwenyewe, lakini tukifika pale anang'ang'ania mkono, anataka kusimama. Asubuhi moja aliniponyoka, akaingia barabarani anapunga mkono kusimamisha basi ambalo mimi sikuliona. Bodaboda ikapita imemgusa begi. Begi tu, Mungu mkubwa.

Unaelewa nilikuwa napoteza nini? Shule yangu niliitoa kwa ajili ya huyu mtoto, na sasa naye alikuwa ananitoka, kidogokidogo, kwenye kipande cha zege.

Jioni ya siku hiyohiyo nilikuwa mezani. Kwenye benchi Mzee Kombo alikuwa anasifia jongoo lake.

"Mzee, acha," Mangi akamkata. "Lile basi likifika kwenye kilima abiria wanashuka kusukuma."

"Walisukuma kwa heshima! Nyinyi wa leo mnasukumana wenyewe kwa wenyewe."

"Na breki je?"

"Breki ilikuwa dua, Mangi. Na tulifika."

Benchi zima likaangua kicheko. Ndipo nikasikia mtu ananisalimu karibu kabisa.

"Za kazi, fundi?"

Nikainua macho. Alikuwa konda, lakini konda wa zamani: shati la kaki limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, mkoba wa ngozi begani. Kilichonishangaza ni mabega yake. Yalikuwa na umande. Umande, jioni ya Dar, katika joto lile? Nikasema labda kamwagiwa maji na mama ntilie huko alikopita.

Akaweka mezani bati tupu. "Niandikie Kivukoni. Kwa ile K yako."

"Unapitia wapi?"

"Magomeni."

"Mbona hiyo njia ilishafutwa, kaka yangu?"

"Ndiyo maana nimekuja. Wapo abiria hawakuambiwa. Basi lipo na dereva yupo, lakini tukipita bila kibao hawapandi. Watu wa zamani wana adabu, hawadandii basi wasilolijua."

Nikacheka kidogo, nikadhani ni utani wa watu wa benchi. Nikachovya brashi kwenye bluu, nikaandika. Mkono ukienda kwa mazoea huwezi kuuzuia. Nikaandika Kivukoni, nikaweka kistari, nikaandika Magomeni. Kila kibao cha mji huu kina ncha mbili, au siyo? Basi linakwenda, linarudi.

Akakitazama. "Fundi, umeandika kurudi."

"Sasa basi gani haliendi na kurudi?"

"Hili." Alisema taratibu, bila kunitisha. "Ukikiacha hivyo, nitawapeleka asubuhi na jioni nitawarudisha. Na kesho tena. Yule mama wa ndoo atakuwa anashuka palepale kila siku, na mtoto atakuwa anamngoja."

Brashi ilibaki hewani. Huyu mtu sikuwa nimemwambia lolote.

"Yupo?" nikamuuliza.

"Yupo. Wa kwanza kwenye foleni."

"Na akienda bila kurudi?"

"Atafika."

Hapa nitasema ukweli wote, hata kama unaniaibisha. Ile ncha ya pili niliipenda. Miaka tisa nimebeba nyumba, nimepika, nimefua, nimesaini barua za shule kama mzazi, na mama hakunitokea hata ndotoni. Alimtokea Zawadi ambaye hata sura yake haikumbuki vizuri. Nikawaza: akiwa anarudi kila jioni, si na mimi nitakwenda kusimama pale? Labda siku moja nitamwona. Labda ataniuliza na mimi kitu.

Barua ya mwalimu ilikuwa mfukoni mwa gauni. Nikaigusa.

"Hiyo ya kurudi ifute wewe," nikamwambia.

"Siruhusiwi. Aliyeandika ndiye anayefuta."

Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye petroli. Nikaanza mwishoni, herufi moja baada ya nyingine, narudi nyuma. Jina la mtaa wetu, nyumbani kwetu, nilifuta mwenyewe kwa mkono wangu. Nilipofika kwenye M nikasimama kidogo. Halafu nikaifuta na yenyewe, na kistari chake. Likabaki neno moja upande wa kushoto, na nafasi tupu kulia.

"Nikuongezee nini hapa?"

"Paache wazi."

Akainua bati na kulikumbatia, rangi ikiwa mbichi kabisa, na shati lake halikushika hata tone. Nikamwambia, "Kaka, yule mama..." Mtu una maneno ya miaka tisa, unajua yaliyotoka ni yapi? "Usimwache apandishe ndoo peke yake. Kiuno kinamsumbua."

"Kazi yangu hiyo," akasema. Akagonga meza yangu mara mbili, vile konda anavyogonga bodi kumwambia dereva aondoe gari. Akapita kati ya duka la Mangi na ukuta. Nenda kaangalie mwenyewe: pale hapana uchochoro. Hata mkono haupiti.

"Dada fundi!" Mangi akaniita. "Umevuta petroli? Unamsemesha nani saa zote hizi?"

Watu wakacheka. Mzee Kombo hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe, kahawa imemwagikia kanzu.

"Mimi sijaona mtu," alisema. "Lakini hizo mbili nimezisikia. Mguu umetafuta klachi wenyewe."

Asubuhi nikamsindikiza Zawadi. Sikumwambia neno. Tulipofika kwenye zege akasimama kama kawaida yake, nami nikamwachia mkono. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Barabara ilikuwa shwari. Akageuza kichwa.

"Dada, umesikia?"

"Nini?"

"Konda amegonga mbili." Akatazama mbele, macho yakifuata kitu kuelekea mjini mpaka kikapotea. "Mama kapanda. Hata kuniaga hajaniaga, alikuwa anahangaika na ndoo. Konda akampokea."

Nilikaa chini, palepale kwenye zege, na gauni langu la kazi. Zawadi akanivuta mkono. "Twende, dada. Nitachelewa."

Hakuchelewa, na hajachelewa tena tangu siku hiyo. Pale anapita kama anavyopita mbele ya duka lolote.

Kilichobaki ni kile kitambaa. Nilikiweka kwenye kopo nikasahau. Baada ya wiki nikakitoa, rangi haijakauka. Mwezi, haijakauka. Mpaka leo ninavyokusimulia ukikigusa unatoka na bluu kidoleni. Mzee Kombo ananiambia nikitupe baharini. Sijakitupa. Siku mama akinijia sana moyoni nakigusa, halafu nanawa kwa sabuni, nakwenda kazini.

Na wewe, kama mtaani kwenu kuna kituo kilichoondolewa, na ndugu yako mmoja ana tabia ya kusimama pale, usimcheke na usimpige. Muulize yuko na nani. Na huyo anayesubiri, usimwambie asubiri kidogo. Hapo ndipo tunapokosea, tunawaambia wasubiri kwa sababu sisi ndio hatutaki waende. Mwambie njia imefutwa.

Na ukiwa fundi wa vibao kama mimi, akaja mtu na umande mabegani jioni, akataka jina moja tu, andika moja. La pili liache, hata kama ni la kwenu.