Mwamkulu ya Kwenye Gemu

Mgambo walipompitisha yule kijana mbele ya kibanda changu cha gemu, nilikuwa nafuta vumbi kwenye pedi kwa mswaki wa zamani. Huwa nafuta kila kitufe, hata kile ambacho hakuna anayekibonyeza. Walikuwa wamemfunga mikono kwa mpira wa kufungia mizigo. Akanitazama, akasema, "Dada, waambie." Wakamsukuma kuelekea ofisi ya mtaa, na watu nyuma yao wakawa wanaongezeka.

Kijana huyo anafyatua matofali hapa mtaani kwetu Mpanda, na akitoka kazini anakuja kucheza kwangu. Kilichomponza ni sentensi moja. Asubuhi ile, akinywa chai kwa mama anayepika chapati jirani yangu, alimpigia simu mwenzake na kusema kwa sauti ya majigambo: "Oya, jana nimemkata boda kule Mwamkulu, nikamwacha mtaroni, nikasepa na pikipiki yake." Yule mama aliacha chapati ikaungua. Maana jana yake jioni, kule Mwamkulu, dereva wa bodaboda alikuwa amekatwa panga kweli, akatupwa mtaroni, na pikipiki yake haikuonekana tena.

Mimi nilijua ni Mwamkulu gani aliyoisema. Jina hilo nililitoa mimi.

Gemu lenyewe ni la Kiingereza, na Kiingereza changu nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma maandishi ya kwenye skrini, kamusi ikiwa mapajani. Wateja walikuwa wanapotea njia humo ndani, nami siwezi kuvumilia mtu apotee kwenye kitu changu. Nikachora ramani ya gemu ukutani, nikaipa majina ya kwetu. Msitu wenye mto nikauita Ugalla. Vilima vya nyuma vikawa Litapunga. Mashamba ya pembeni mwa mji, ambayo ukiyatazama haraka utadhani majaruba ya mpunga, nikayaita Mwamkulu. Mto niliufuta na kuuchora upya hadi kona zake zikanituliza. Basi watu wakawa wanaongea hivyo: "Nimefia Ugalla," "Nisubiri Litapunga." Na kule Mwamkulu hupita adui mwenye pikipiki, tunamwita boda. Ukimkata akaanguka, pikipiki yake inakuwa yako, na wote waliopo hupiga kelele kwa pamoja: "Mtaroni!"

Nilifunga kibanda nikakimbilia ofisini. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mlangoni, anajaribu kuwazuia watu wasiingie. Mmoja wao alikuwa ameshika tofali.

"Shikamoo mwenyekiti. Yule kijana jana jioni alikuwa kwangu, anacheza. Alichokisema ni cha kwenye gemu."

"Si ndiye huyu anayewafundisha?" mtu akadakia. "Naye afungwe!"

"Watoto wetu wanashinda humo wanajifunza kukata watu," mwingine akasema. "Sasa mtihani wamefaulu."

Wengine wakacheka. Nikaanza kueleza habari za ramani, nikajichanganya, nikarudi mwanzo ili nianze vizuri, na kadiri nilivyotafuta maneno sahihi ndivyo nilivyoonekana mwongo.

Hapo mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi akainuka. Kanga yake ilikuwa na damu iliyokauka. Alikuwa mama wa yule dereva, muda si mrefu ametoka hospitali alikolazwa mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa na uzito wa Kisukuma.

"Mwenyekiti, akatuonyeshe," alisema. "Mimi nataka kuiona hiyo Mwamkulu yao."

Tukaenda. Mwenyekiti na yule mama waliingia ndani, wengine wakajazana dirishani. Niliwasha. Nikawaonyesha majina ukutani, mwenyekiti akayasoma moja moja kwa kidole. "Haya," akasema, "na huyo boda?"

Nikashika pedi. Mimi ndiye ninayewaelekeza wenzangu wote, lakini vidole vilikuwa vinateleza kwa jasho. Boda akatokea, akanigonga, nikaanguka.

"Kafa!" sauti ya mteja wangu mmoja ikatoka dirishani. Mazoea tu.

Yule mama alishtuka. "Nani kafa?"

"Ni mimi, mama. Humu ndani. Nafufuka sasa hivi."

Sikuwahi kusikia upumbavu kama huo ukitoka kinywani mwangu.

Nikaanza tena. Nilijua kwamba nikishindwa, yule kijana atatolewa ofisini na wenye matofali. Nilijua pia ninachotakiwa kufanya mbele ya huyu mama. Boda akaja katikati ya majaruba. Nikabonyeza. Panga likashuka, damu ikaruka, akabiringika, na pale dirishani watu wawili watatu wakaropoka: "Mtaroni!"

Nikaweka pedi chini.

"Mwanangu walimkuta hivyo hivyo," mama akasema. "Kichwa chini." Akanigeukia. "Mkishamkata huwa mnafurahi nyie?"

Ningeweza kudanganya. "Tunafurahi, mama."

Akatikisa kichwa polepole. Mwenyekiti alikohoa. "Mama, unasemaje? Maneno ya kijana ndiyo haya?"

"Ndiyo haya," akajibu. "Mwachieni. Siyo yeye." Akajifunga kanga vizuri akatoka, watu wakampisha.

Kijana aliachiwa mchana ule ule. Mwenyekiti akaniamuru nifunge kibanda mpaka hali itulie.

Baadaye walikamatwa watu wazima wawili wakiwa na ile pikipiki, wenye familia zao, ambao hawajawahi kukanyaga kwangu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilizunguka nikiwaambia watu, mnaona, gemu halina kosa. Mpaka sasa naamini halikumkata yule dereva. Lakini kila nikitaka kulisema hilo kwa uhakika, nasikia tena lile swali la yule mama, na jibu langu halibadiliki. Tulifurahi. Tena tulifurahi zaidi kwa sababu palikuwa na jina la nyumbani.

Siku nilipofungua tena, yule kijana alikuwa wa kwanza kuingia. Nilikuwa nimekwangua jina la Mwamkulu, pamebaki alama nyeupe ambayo rangi haitaki kuifunika. Akakaa, akashika pedi. Boda akatokea kwenye mashamba. Wenzake wakasogea, wakasubiri.

Boda akapita. Akafika mwisho wa skrini, akapotea.

"Oya, vipi? Umelala?" wakamzomea.

Akanyoosha pedi kwangu bila kugeuka. "Dada, toa hili. Weka gemu la mpira."