Wenyeji wa Tumbo la Bi Mwanatumu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kijiti, kipande cha kioo na kopo la choo cha mtu nisiyemjua. Ilikuwa Changamwe, miaka michache kabla ya uhuru, katika maabara ya hospitali ndogo ambayo dirisha lake lilitazama reli. Nilikuwa nimehitimu chuo cha Kurani kwa maalim wangu na kusoma skuli kiasi, na wazo langu lote lilikuwa moja: adhuhuri nitaswali vipi na mikono hii?

Msimamizi wa Maabara, Mkristo wa Rabai aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliniona nimesimama kama mlingoti.

"Kijana, hilo kopo haliumi," akasema. "Wanaouma wamo ndani yake, nao ni wachache."

Jioni nilimweleza maalim wangu. Akanijibu kwamba najisi huondoshwa kwa maji, na anayeshika uchafu ili mwenziwe apone asijione duni mbele ya Mola wake. Kuanzia kesho yake nilitundika kanzu safi nyuma ya mlango, na mara nyingi msimamizi ndiye aliyenikumbusha kwamba jua limepinduka.

Nyinyi vijana mnaofanya kazi kwa umeme na mashine, ngoja niwaeleze tulivyofanya. Hadubini yetu ilikuwa na kioo kidogo chini yake cha kunasa mwanga wa jua. Wingu likipita, kazi ilisimama. Tulichanganya choo na tone la maji ya chumvi yenye uvuguvugu, tukakitandaza kiwe chembamba, kisha tukamtafuta amiba, kijidudu kinachotambaa kwa kuchomoza mguu mmoja na kuurudisha. Amiba hutaka joto. Choo kikipoa hujikunja akatulia, na hapo huwezi kumtenga na chembe nyingine yoyote. Nilikuwa nikitazama humo mpaka sauti za magari ya moshi zikawa mbali, kana kwamba nimelala chali nikielea majini.

Bakteria ni wadogo zaidi, kwa hiyo tuliwalisha kwanza. Tulikuwa na sahani za kioo zenye uji mgumu wa mwani na mchuzi wa nyama, uliotiwa rangi, tukipaka choo juu yake na kuzilaza ndani ya kabati la joto hadi asubuhi. Nilipolifungua kabati nilikuta visiwa vya bakteria vimeota usiku, nami nimelala. Vya rangi ya waridi vilikuwa vya bakteria wa kawaida wanaokaa katika utumbo wa kila mwanadamu. Vilivyopauka ndivyo tulivyovishuku, maana huenda vikawa vya bakteria wa kuhara damu.

Msimamizi alinikataza kukimbilia vilivyopauka. Alisema asiyewajua wenyeji wa mtaa, kila amwonaye humdhania mwizi.

Baada ya muda tulihamishiwa Likoni, yeye na mimi, na huko ndiko nilikomjua Bi Mwanatumu. Alikuwa mke wa mkulima wa Shika Adabu, bado kijana, naye alikuwa akihara damu kwa miezi mingi. Kila alikopelekwa aliambiwa ni amiba, akadungwa sindano za amiba, akapata nafuu kidogo kisha akarudi pale pale. Sindano zile zilikuwa na sumu yake; moyo ulikuwa umeanza kuchoka nazo. Harusini alikuwa haendi tena, wala maulidini, kwa kuchelea kuinuka mbele za watu kila dakika.

Daktari Mkuu, Mzungu mwembamba aliyesema Kiswahili polepole kama anayepima dawa, alimtazama ndani kwa bomba lenye taa. Aliona ukuta wa utumbo umevimba, mwekundu, una vidonda. Akatuita, akatueleza kwamba kuna ugonjwa wa utumbo kuvimba usioletwa na amiba, na kuna vidonge vipya vya kutuliza uvimbe huo.

"Lakini vidonge hivi hulaza kinga ya mwili," akasema. "Kama amiba yumo, nikimpa mgonjwa vidonge nitamwua mgonjwa. Kama hayumo, nisipompa atakufa. Nataka neno lenu."

Wallahi, sikuwahi kubebeshwa mzigo kama ule.

Kopo lililetwa kutoka nyumbani kwake. Nilitazama kioo baada ya kioo, sikuona amiba. Nilifurahi. Asubuhi nikafungua kabati la joto, na sahani zilikuwa tupu. Si vilivyopauka tu: hata vya waridi havikuwako. Uji ulikuwa mtulivu kama uso wa kisima. Nilimpelekea msimamizi nikitaraji aseme habari njema, naye akakunja uso. Akaniambia hakuna tumbo la mtu lisilo na wenyeji. Ukikuta mji mzima kimya, usiseme hakuna wezi, uliza kumepita nini. Akalichukua kopo, akalinusa.

"Mgonjwa wetu katoka harusini," akasema. "Hili lanukia marashi."

Tulikwenda Shika Adabu siku ile ile. Alitupokea mama mkwe wa mgonjwa, Bi Mkubwa, mama mtu mzima wa ukoo wa zamani wa huko. Tulimsalimu shikamoo, akatuitikia marahaba, akatukalisha barazani, na haikuwezekana kuanza habari ya choo mpaka tumekunywa kahawa. Ndani ya nyumba aliita, "Mwanatumu!" na sauti nyembamba ikajibu, "Abee," ikakoma hapo.

Msimamizi alizungusha maneno kwa adabu mpaka akalifikia kopo. Bi Mkubwa hakuona tatizo lolote. Alikuwa ameliosha kwa maji moto, akatia chini yake dawa nyeupe ya kuulia wadudu wa chooni, kisha akanyunyiza marashi ya waridi juu, ndipo akalifunga kwa kitambaa safi.

"Sasa mwanangu," akaniuliza mimi, "wataka nikuletee uvundo, nawe mtoto wa watu umevaa shati jeupe? Adui yangu simfanyii hayo."

Heshima yake ilikuwa imewaua amiba, kama walikuwamo, na wenyeji wote pamoja nao. Msimamizi alimshukuru sana. Akamwambia kwamba kwa ajili ya mgonjwa huyu tu, akubali kutuvunjia heshima, choo kije kilivyo.

Bi Mkubwa akacheka akafunika kinywa kwa leso. "Mwatafuta mambo nyinyi," akasema. Kisha machozi yakamtoka. "Huyu si mkwe, ni mwanangu. Yuwaisha nikimwona. Mchukueni."

Bi Mwanatumu alilazwa. Kopo jipya, lililochemshwa kwa maji matupu, lilitoka wodini likiwa bado na joto, nikalibeba kifuani. Nilipofika mezani jua likaingia mawinguni. Msimamizi alilikalisha kopo ndani ya bakuli la maji vuguvugu, tukangoja. Sijui tulingoja kiasi gani. Midomo yangu ilikuwa katika dhikri, yake katika sala zake, wala hatukutazamana. Kisha mwanga ukarudi kwenye kioo kidogo, taratibu, kama mtu afunguaye mlango wa chumba cha mgonjwa.

Tulitazama kwa zamu. Damu ilikuwapo, usaha ulikuwapo, amiba hakuwapo. Tukarudia kwa choo kingine na kingine. Na sahani zilipotoka katika kabati zilikuwa zimejaa visiwa vya waridi ukingo hadi ukingo, pasipo hata kimoja kilichopauka.

"Alhamdulillahi," msimamizi akasema, yeye Mkristo. "Wenyeji wamo. Nenda kampe daktari neno."

Daktari alimpa vidonge. Nilimwuliza kama si amiba wala si bakteria wa kuhara, adui ni nani. Akakigusa kwa kidole kifuniko cha sahani yangu yenye visiwa vya waridi.

"Nadhani mwili wake unapigana na watu wa nyumbani kwake," akasema. "Nani aliyeanza ugomvi, sijui."

Damu ilipungua, ikakoma. Baadaye ilirudi, ikatulizwa tena. Ugonjwa ule hauponi ukasahaulika, na hakuna aliyemdanganya. Bendera mpya ilipopandishwa mimi nilikuwa nimehamishiwa Kisauni, na kazi zangu zote zilizofuata, mpaka kustaafu, zilikuwa ng'ambo ile. Siku hizi wataalamu husema ni kweli kwamba kinga ya mwili hugombana na bakteria wa kawaida wa utumbo, kwa watu waliozaliwa na wepesi wa ugonjwa huo. Chanzo chote bado kinatafutwa. Nami sihuzuniki kwamba sikuwahi kumwonyesha mtu adui wa Bi Mwanatumu chini ya kioo. Mola ametuwekea ndani yetu umma mzima tusiouona, na siku nyingi hutuamsha salama pamoja nao. Kila asubuhi nashukuru kwa hilo kabla sijashukuru kwa jingine.

Vijana huniuliza ni kitu gani kizuri kuliko vyote nilivyoviona kwa hadubini. Huwajibu kwamba hicho sikukiona, nilikisikia. Mwaka ule wa uhuru ulipokwisha, Bi Mkubwa alivuka akaja mpaka Magogoni, kwetu Kisauni, kunitafuta. Walikuwa na maulidi nyumbani, Bi Mwanatumu amekaa na wanawake wenziwe mkekani.

"Tangu Fatiha hata dua ya mwisho, mwanangu," akaniambia. "Hakuinuka."