Mwanaheri Aliyewatafutia Wapagazi Watani

Miaka ile ya nzige, Wajerumani walipokuwa bado wageni Morogoro na mizigo yote ya bara ikipita juu ya mabega ya watu, Mwanaheri binti Salehe alikuwa na nyumba ya udongo karibu na kivuko cha mto. Funza walikuwa wameingia nchini wakifuata njia za misafara. Mpagazi aliyeshindwa kukanyaga aliachwa hapohapo, mzigo wake akapewa mwingine. Mwanaheri, mjane asiye na mtoto, ndiye aliyewaokota. Aliwaosha miguu kwa maji ya moto, akawatoa funza mmoja mmoja kwa mwiba wa mlimao, huku akiwakaripia kama amewazaa yeye. Mwanamke huyo ukitaka kumsifu hujui uanzie wapi, na ukimwambia apumzike anakujia juu.

Miguu aliiweza. Chakula ndicho kilichomshinda. Kila siku ya soko alisimama mbele ya wanawake wa Kiluguru walioteremka mlimani na vikapu vyao, akapaza sauti: kwake kuna watu watano, maskini wa Mungu, hawana ndugu, wahurumieni. Mwanzoni walitoa. Soko la tatu wakaanza kutazama pembeni, maana njaa ilikuwa ya wote.

Basi akamchukua Mihambo, Mnyamwezi aliyekuwa mgonjwa kuliko wenzake, akamkalisha sokoni miguu wazi, watu wajionee. Walijionea. Wakamrushia vipande vya muhogo kutoka mbali. Mihambo aliporudi alijifunika gubigubi, na kwa siku tatu hakutia kitu mdomoni.

"Kula, mwanangu, utakufa," Mwanaheri alimbembeleza.

"Mama, nimebeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo mara nne. Leo narushiwa muhogo. Cha kuombewa sili."

Maneno yale yalimchoma. Kosa lilikuwa lake na alilijua: alikuwa amemtangaza mwanamume mzima kama mzoga. Akamuuliza, "Huko kwenu, Mluguru mnamwitaje?"

"Mtani," Mihambo alijibu, kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

Mwanaheri alijipiga paji la uso. Mluguru mzima yeye, na utani wao na Wanyamwezi ameusahau kwa sababu ya huruma.

Soko lililofuata lilikuwa kesho yake. Wapagazi wawili waliokwisha kupona walimbeba Mihambo kwa machela, miguu imefungwa kitambaa safi, wakamtua mbele ya Mwaisha wa Bigwa, muuza magimbi ya kuchemsha ambaye ulimi wake uliogopwa soko zima. Safari hii Mwanaheri hakuomba chochote. Alisema tu, "Mwaisha, mtani wako huyu. Mnyamwezi."

Mihambo alijiinua kwa kiwiko, akachungulia kikapuni. "Kumbe ni magimbi? Nilidhani ni magoti ya bibi yako."

Mwaisha alimtazama toka kichwani hadi miguuni.

"Mpagazi wa kubebwa," alisema. "Mizigo imekushinda, sasa mzigo ni wewe. Huko kwenu walikosa hata mbuzi wa kumtuma pwani?"

Kicheko kikalipuka. Mihambo naye alicheka, akatia mkono kikapuni bila kuomba, akatoa gimbi kubwa kupita yote. Na mtani akichukua chako utamshitaki kwa nani? Mwaisha aliutukana ukoo wake wote, mmoja baada ya mwingine, huku akimsogezea chumvi.

Siku ile hakuna aliyemhurumia mtu, na vikapu vya Mwanaheri vilijaa pomoni. Wanawake walikuwa wakigombania zamu ya kutukanwa. Yeye hakuvitazama. Alikuwa ameuma pindo la kaniki yake, machozi yakimtiririka, akimwangalia Mihambo anavyotafuna.