Maji Meupe Siku ya Koito ya Chebet

Najua wengine wenu mmeshaisikia hii hadithi kule Kapsoit, mara eti nilipofusha mzee, mara eti wageni walikimbia wakaacha viatu, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe jinsi ilivyokuwa, maana aibu ni yangu na kila mtu anayeisimulia anaiongezea chumvi kana kwamba haikuwa na ya kutosha.

Baba alinunua boila kuukuu kutoka nyumba ya meneja wa majani chai iliyokuwa ikibomolewa. Ni pipa tu la chuma nyuma ya nyumba, unawasha kuni chini yake, maji yanapanda yakiwa moto mpaka kwa tangi darini, halafu yanateremka kwa mfereji wa sinki, na hiyo sinki Baba aliiweka pale mlango wa sebule mahali hata kipofu angeigonga. Aliipenda kuliko sisi watoto (mimi sikushangaa, nishaona ripoti zangu za shule).

Sasa ikafika koito, yaani posa, ya dadangu Chebet. Kulikuwa na mwalimu wa Chebunyo aliyekuwa anamtaka, na wazee wake walikuwa wanakuja kuongea na wazee wetu. Chebet alikuwa amengoja hiyo siku miaka mitatu, barua za huyo mwalimu zikijaa sanduku chini ya kitanda. Na kwetu wageni wa koito wakishapatana na wenyeji lazima wale. Wakitoka bila kula, yale yote yaliyoongewa ni kama upepo umepita.

Asubuhi Mama aliniambia nihesabu viti. Na mimi na mdomo wangu, mbele ya shangazi wote waliokuwa wakichambua mchele, nikauliza, "Tuhesabu watu peke yao ama na kupe wao?" (Chebunyo ni ng'ombe kila mahali, na sisi wa majani chai tuna huo ujinga wa kujiona.) Shangazi wawili walicheka. Chebet hakucheka. Alisema, "Leo tu, nakuomba. Leo tu unyamaze."

Nikanyamaza. Nikaenda kuwasha boila, nikajaribu mfereji, ukakohoa kama mzee wa kiko halafu kimya. Nikakimbia kwa Wafula, fundi wa paipu, nikamkuta njiani akienda kazini na jembe begani, akaniambia, "Hewa imekwama kwa paipu. Inasukumwa na maji kutoka chini. Usiguse kitu, nitapitia jioni."

Jioni! Wageni walikuwa wanafika saa sita. Baba alikuwa ameenda barabarani kuwapokea na nilijua kitu cha kwanza atakachowaonyesha ni hiyo sinki. Nikawaza, kama ni kusukuma maji, si tuko na pampu? Ile ya kupigia ng'ombe dawa ya kupe. Basi nikasuuza ndoo yake ya dawa, mara moja (ndiyo, moja), nikaijaza maji, nikafunga mpira wa pampu kwa mdomo wa mfereji na kipande cha tyubu, nikapiga pampu mpaka mikono ikafa ganzi. Huko darini kukasikika kitu kikibeua. Nikafungua mpira: maji! Ya moto, yanatoa mvuke! Yalikuwa meupe kidogo, lakini Wafula aliwahi kuniambia maji yaliyochanganyika na hewa hutoka meupe, na pua yangu ilikuwa imezibwa na mafua ya hii baridi yetu. Nikafunga mfereji haraka nikajiona fundi mkuu wa wilaya.

Mazungumzo yalienda vizuri ajabu. Kutoka jikoni tulisikia wazee wakicheka pamoja, na Chebet akaanza kutabasamu huku anageuza nyama. Halafu Baba akasema kwa sauti ya mtu anayefungua kiwanda, "Wazee, karibuni muoshe mikono. Hapa hatubebi birika. Ni kufungua tu."

Wa kwanza alikuwa mjomba wa mwalimu, ndiye msemaji wao. Akaosha mikono, akasifu joto, na kwa vile nje kulikuwa na baridi akachota mengine akajipaka uso mzima.

"Uui! Macho! Macho yangu!"

Mama akaja mbio na maji baridi. Baba akakinga maji ya mfereji kwa kiganja, akanusa, na nikaona uso wake ukizima. "Hii ni dawa ya kupe," akasema.

Halafu mzee mmoja wa Chebunyo akachukua kofia yake polepole. "Kumbe mlisikia tunatoka Chebunyo mkaona mtuogeshe kwanza."

"Hapana, mzee, hapana kabisa," Baba akasema, "hii ni makosa."

Angesikika, pengine. Lakini shangazi mmoja, na sidhani alikuwa na nia mbaya, akanyoosha kidole akasema, "Si huyu kijana ndiye alikuwa anaongea mambo ya kupe asubuhi?"

Wote wakanigeukia. Na mimi nikiogopa huwa nacheka. Nikacheka.

Waliondoka wakimshika mjomba mkono kwa sababu hakuona njia (macho yalipona baada ya siku chache, hiyo ya kupofuka ni uongo). Nyama ilibaki kwa sufuria. Ugali ukaganda. Chebet alikuja akasimama mbele yangu akaniuliza, "Ulifanya makusudi?" Nikamwambia hapana, nikamweleza hewa na paipu na pampu yote, na nikaona kabisa kwamba haniamini.

Baba alienda Chebunyo mara mbili kuomba msamaha. Walimpa chai, wakamsikiliza, wakamsindikiza. Halafu ikaja barua ya mwalimu, ukurasa nusu. Chebet akahamia Silibwet kwa shangazi.

Nimeapa sitagusa paipu ya mtu tena, na mzaha wangu nimeupunguza, ingawa hakuna anayeniamini hata kwa hilo. Krismasi Chebet alikuja nyumbani kwa siku mbili. Nilimchemshia maji kwa sufuria safi, juu ya kuni, nikampelekea kwa beseni mwenyewe. Alisema asante. Halafu, kabla ya kuingiza mkono, akainama, akayanusa.