Goli la Mkunga

Ukiingia karakana yetu hata kwa kuulizia stuli tu, utatoka umesikia habari za penalti tatu. Hakuna aliyewahi kuponyoka. Mume wangu ataweka randa chini, atapangusa maranda mapajani, atasimama katikati ya milango isiyokamilika na kuanza kuruka huku na huku. Miaka ishirini na sita iliyopita, kwenye fainali, alidaka penalti tatu mfululizo na mji mzima ukambeba mabegani. Siku hiyo ndipo alipopewa jina la Komeo, na jina likamganda. Mama yake mzazi amekufa akimwita Komeo.

Mimi ndiye ninayepaka vanishi milango anayoitengeneza, kwa hiyo hadithi hiyo nimeisikia kuliko mtu yeyote aliye hai. Najua mpaka inapotiwa chumvi. Zamani mpira wa tatu ulimgusa ncha za vidole. Siku hizi anaudaka kwa mkono mmoja huku anatabasamu. Simlaumu. Ana miaka hamsini na miwili, goti la kulia linalia kama bawaba kavu, na vijana wa siku hizi wanamwita fundi tu. Alichokuwa anakitaka moyoni ni kimoja: watu wengi waliite tena jina lake kwa pamoja.

Ndipo wakaja mabwana wawili wa chama, mashati ya mikono mirefu, wakakalia benchi ambalo vanishi yake ilikuwa haijakauka. Niliwaona nikanyamaza.

"Tunakutaka ugombee udiwani," alisema yule mnene. "Wenzako watahangaika mwezi mzima kujitambulisha. Wewe hata ukilala, watu wanakujua."

"Na wakimuuliza atawafanyia nini?" niliuliza.

"Shemeji, hakuna atakayeuliza."

Waliondoka na mistari ya vanishi kwenye suruali. Mume wangu yeye alibaki na kichwa kilichovimba mpaka nikawaza kupanua mlango wa karakana. Wiki ile ile mabango yakabandikwa. Walitumia picha ya siku ya fainali, ana nywele nyingi na kiuno chembamba, hata mimi nikakumbuka kwa nini niliolewa. Lakini watu walikuwa wanatazama bango, wanamtazama yeye, kisha wanarudi kwenye bango kama wanaotafuta undugu.

Mkutano wa kwanza ulijaa. Alipanda jukwaani, akasema maneno mawili matatu kuhusu maendeleo, maneno yakamwishia. Muuza matofali mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Achana na hotuba, Komeo. Bado unadaka?"

Mume wangu huwezi kumuuliza swali hilo ukabaki salama. Palipatikana mpira, mawe mawili yakawa milingoti, muuza matofali akapiga, na Komeo akaruka akaudaka. Watu walipiga makelele mpaka kuku wa jirani wakahama. Jina lake liliitwa na umati mzima, na mimi niliyeshika koti lake niliona macho yake yamelowa. Nilifurahi, sitadanganya.

Kosa lilikuja baada ya hapo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Alirudi nyumbani akatengeneza goli dogo la mbao, la kukunja kwa bawaba, linalobebeka kwenye mkokoteni. Mkutano wa pili akatangaza mbele ya watu: "Mwenye shida yake aje apige penalti moja. Akinifunga, anapewa kipaza sauti aiseme, na mimi nitaibeba kama yangu."

Watu wakapanga foleni. Mwokaji mikate, fundi cherehani, mwalimu wa hesabu, kila mmoja na shida yake kifuani. Na mume wangu akawadaka wote. Mwanasiasa yeyote angeruhusu japo goli moja, lakini hukumchagua mwanasiasa, umechagua kipa, na kipa haachii. Mwalimu alikuwa amekuja kusema paa la darasa linavuja. Aliondoka na paa lake linalovuja, huku umati unashangilia.

Ilikuwa mkutano wa nne nilipomwona Karani. Huyu ndiye aliyekuwa mpinzani wetu, karani mstaafu wa stoo ya hospitali, mwembamba, sauti yake ya kunong'ona. Mikutano yake ilikuwa inahudhuriwa na watu kumi na mmoja, watano wakiwa wakwe zake. Siku hiyo alikuwa amesimama nyuma ya goli letu na daftari mkononi. Kila aliyekosa penalti alikuwa akipita pale alipo, na Karani anamuuliza taratibu, "Ulikuwa unataka kusema nini?" Anaandika. Anamwonyesha alichoandika. Anampa mkono.

Asubuhi yake, tukinywa chai, nilimwambia mume wangu.

"Mwache," alisema. "Ana watu gani Karani?"

"Ana watu wako. Wewe unamkusanyia, yeye anavuna."

"Mama watoto, watu wananipenda. Huwasikii?"

"Nawasikia. Wewe ndiye huwasikii."

Alinuna, akaenda kupiga randa mbao ambayo ilikuwa imeshalainika tangu jana. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajiambia, nikamwacha. Lakini nilikuwa naumia, maana nilijua aibu inakuja na mimi ndiye nitakayeshika koti lake.

Mkutano wa mwisho ulikuwa wa nane. Kufikia hapo alikuwa amedaka mikwaju arobaini na mitatu na hajafungwa hata mmoja. Watu walikuwa wanahesabu kwa pamoja. Ndipo foleni ikapisha, akapita Mkunga.

Mkunga amezalisha nusu ya mtaa wetu. Mabinti zangu wote wawili walipokelewa na mikono yake. Ana miaka sabini na kitu, mgongo umeanza kupinda, lakini akikutazama unakumbuka madhambi yako. Alinipa mkoba wake. "Nishikie, mwanangu." Akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni, kisha akamgeukia mume wangu.

"Komeo, nimekuja karakana yako mara mbili kukueleza jambo. Mara zote mbili umenieleza wewe."

Watu wakacheka. Mume wangu hakucheka. Nilimwona anakumbuka, na uso wake ukabadilika kabisa. Nami nilikumbuka, kwa sababu nilikuwepo: mara zote mbili alimwekea stuli, akamrukia penalti zote tatu, na mama wa watu akaaga akaondoka.

Mkunga aliuweka mpira chini. Alitazama kona ya kulia, waziwazi, kama mtu anayetazama mahali atakapotua mzigo. Akapiga. Mpira ulienda polepole, unajikokota, kuku angeupita. Ulielekea kulia. Na Komeo akaruka kushoto, mzima mzima, akatua na goti lake bovu, mpira ukavuka mstari na kusimama hapo hapo, hata nyavu haukugusa.

Kisha muuza matofali akaanza kucheka, na uwanja mzima ukalipuka.

Mkunga alipewa kipaza sauti. Alisema kivuko cha mbao juu ya mtaro, karibu na zahanati, kimeoza. Alisema mama mwenye uchungu wa kuzaa anazungushwa barabara kubwa, na mmoja mwezi uliopita amejifungulia njiani, kwenye kibaraza cha duka. Akasema basi, ni hilo tu, akarudisha kipaza sauti na kwenda kuvaa viatu.

Mume wangu alivua glavu. "Nimesikia, mama. Nikikijenga leo wataita rushwa. Nitakijenga baada ya kura, nishinde nisishinde." Nyuma ya goli, Karani naye alikuwa anaandika.

Jioni nilimkanda goti kwa maji moto. Nilikuwa na swali na yeye alilijua.

"Uliliachia?"

Alitazama mikono yake. "Alitazama kulia," alisema. "Nikaenda kushoto."

Miaka ishirini na sita mtu huyu amejisifu kwamba akishaliona jicho la mpigaji hakosei upande. Nilimpenda upya jioni ile, na nasema wazi nisije nikafa sijalisema.

Tulishindwa kwa kura thelathini na moja. Mume wangu alizikokotoa kwa chaki kwenye ubao wa mlango: aliowadaka ni arobaini na watatu, na hapo hajahesabu wake zao. Alitazama ile hesabu, akaanza kucheka taratibu, mwisho akacheka mpaka akashika ukuta. "Nimemdakia Karani udiwani," alisema. Mabwana wa chama hawakuonekana tena, wala sijawakumbuka.

Karani alikuja mwenyewe karakana, na daftari lake. Ni mtu wa haki, lazima niseme. Alifungua ukurasa akaeleza kwamba ataanza na paa la shule, na kivuko atakiweka kwenye maombi ya mwakani.

"Mwakani watoto wangapi watakuwa wamezaliwa?" mume wangu alimuuliza. "Nipe ruhusa tu. Mbao ninazo."

Mbao zenyewe zilikuwa milango miwili iliyokataliwa na mteja, na boriti ngumu zilizokuwa zinangoja kazi. Za mikono ya kushikilia zilipungua. Alizunguka karakana mara mbili, akasimama mbele ya lile goli la kukunja, akang'oa bawaba moja baada ya nyingine. Milingoti na mwamba vikawa mikono ya kivuko. Mimi nikapaka vanishi, mara tatu, maana mvua haina adabu.

Ilimchukua siku nne. Ya tano watu walikusanyika kwenye mtaro, wengi kuliko tulivyotegemea, muuza matofali mbele kama kawaida yake. Wakakubaliana Mkunga atangulie. Alipita taratibu, ameshika mlingoti, akafika katikati akasimama. Mume wangu alikuwa upande wa pili, amepiga goti, anamalizia msumari wa mwisho.

"Komeo," alisema Mkunga mbele ya watu wote. "Niambie kweli. Lile goli uliliachia?"

Nilijua jibu, na nilijua anavyotamani kulitoa. Neno moja tu, na rekodi yake ingerudi nzima: mikwaju yote, na huu mmoja zawadi. Angeweza kuisimulia karakana mpaka kifo.

Aliweka nyundo chini.

"Lilinipita, mama," alisema. "Una mguu mzito."

Mkunga alimaliza kuvuka na mgongo umenyooka. Mpaka leo, kila binti anayempokelea mtoto kwenye zahanati anasimuliwa jinsi bibi mmoja wa miaka sabini alivyomfunga Komeo, na goli lenyewe limeanza kutiwa chumvi. Siku hizi lilipigwa kutoka mbali na likapasua nyavu. Mume wangu akiisikia hadithi hiyo anatikisa kichwa, anaokota randa, na kuendelea na mlango wake.