Bibi Alivyosimamisha Vita

Juzi nilikuwa Soni sokoni, nikanunua tenga la matunda damu, yale mekundu ya huku milimani. Aliyeniuzia akalifunika kwa majani makavu ya mgomba, na ile harufu, jamani, ikanirudisha darasa la tano, siku bibi yangu aliposimamisha Vita vya Kwanza vya Dunia.

Unawajua walimu wa zamani. Wetu wa historia alichoka kutuona tukisinzia, akasema vita vya Mjerumani na Mwingereza vilivyopita humu milimani kwetu tutaviigiza, na wazazi waje kutazama. Ikawa vurugu! Kila mtu alitaka kuwa kapteni, avae sufuria kichwani na nyota za vizibo vya soda. Mimi nikapewa upagazi: kubeba boksi, kupita, basi. Nililia njia nzima.

Bibi alikuwa jikoni anamenya viazi. "Mpagazi?" Akaweka kisu chini. "Baba yangu walimchukua abebe mizigo ya vita hivyo, mimi niko tumboni. Hakurudi. Hata kaburi lake hatulijui." Kisha akachukua majani makavu ya mgomba akanifundisha kusokota ngata, ile ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Akanikatalia mara tatu, ya nne ndiyo akaridhika.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Sisi wapagazi tukapita mbiombio, tunacheka, maboksi yetu yana magazeti tu ndani. Mara nikasikia sauti ninayoijua: "Hebu ngojeni!" Bibi huyo, fimbo mkononi, katikati ya uwanja. Akafungua boksi langu.

"Makaratasi? Baba yangu alikufa kwa kubeba makaratasi?"

Kapteni wa Kijerumani akavua sufuria. "Shikamoo, bibi." Wa Kiingereza naye akaamkia. "Marahaba," bibi akaitikia, "sasa kaeni pembeni." Watu walicheka mpaka machozi. Vikaletwa viazi vya jiko la shule, maboksi yakajazwa, vita vikaendelea, safari hii polepole, shingo zinatuuma. Kicheko kikaisha chenyewe.

Tulipotua mizigo, mwalimu akamwomba bibi ataje jina la baba yake. Akalitaja kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, na mwalimu akatoa nje ubao wa darasani, akaliandika kwa herufi kubwa. Bibi hakujua kusoma, lakini alilitazama weee, mpaka watu wakaanza kuondoka. Nilijisikia fahari, nakwambia! Jumatatu kila mtoto alitaka kuwa mpagazi.

Jumatatu hiyo hiyo jina likafutwa, maana tulikuwa na hesabu. Bibi sasa hayupo, mwalimu naye hayupo, na sokoni ngata sizioni tena, wanakunja kanga tu. Watu huniuliza jina la kizee la mwanangu nimelitoa wapi. Juzi alikuwa nyuma yangu pale Soni, tenga kichwani, analalamika linamuumiza. Nikamwambia alitue kwanza. Nikaomba majani makavu kwa muuzaji, nikaketi, nikaanza kusokota.